Kiganja cha Mawe Pacha

“Ng’ombe unayemtaka usimtazame,” Sungi alisema. “Mtazame yule wa pembeni, mwenye kwato mbovu. Ulizia bei yake kwanza. Piga miayo. Halafu ukishaanza kuondoka, ndipo unageuka kama mtu aliyesahau fimbo: ‘Na huyu je?’”

Mama Faidha alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya sebule, mikono mapajani, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. “Mimi sinunui ng’ombe, mtani. Nanunua hewa.”

“Ni yale yale. Muuzaji akishaona jicho lako limelowa, umekwisha.”

“Ndiyo maana ninyi Wanyaturu hununua vilivyokonda.”

“Na ninyi Wanyamwezi mmezoea kubebeshwa mizigo. Haya, uso! Nionyeshe uso wa mtu asiyejali.”

Mama Faidha alijaribu. Alilegeza midomo, akayaacha macho yake yatue kwenye kalenda bila kusoma kitu. Alionekana kama mtu anayesubiri chafya isiyotaka kuja. Elisifa, aliyesimama karibu na pazia akiwa na bakuli la karanga, aliinamisha kichwa ili asionekane akicheka.

Yeye ndiye aliyemwita Sungi. Elisifa Ntandu alikuwa amepanga chumba cha uani katika nyumba ya Mama Faidha tangu alipoajiriwa na Mkondo Safi, shirika lililougawa umeme wa upepo wa mlimani kwa mji mzima wa Singida. Sungi alikuwa jirani wa ng’ambo ya njia, mchuuzi wa ng’ombe aliyezeekea minadani, na katika mtaa wote wa Mawe Pacha hakuna aliyetozwa kidogo kama yeye. Kila jioni aliweka mkono kwenye kiganja chake cha kioo, kile cha ukutani, huku akiwaza chumvi na ngozi mbichi, na kiganja kikamdai pesa ya kiberiti.

Kiganja cha Mama Faidha kilikuwa pembeni ya mlango, usawa wa kifua: kipande cha kioo cheusi chenye umbo la mkono uliokunjuliwa. Katikati kilikuwa kimeng’aa kwa kuguswa.

Mwanga hafifu wa bluu ulipita ndani ya kioo. Sungi akanyoosha kidole. “Kinaamka. Kumbuka: miayo.”

“Hodi wenyewe,” kiganja kilisema. “Samahani kama nasumbua.”

Elisifa aliangalia karanga zake. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ile, yenye kusita kidogo mwanzoni kama mtu anayevua viatu mlangoni.

“Karibu,” Mama Faidha alijibu kabla hajajizuia.

Sungi akajipiga paja. “Unakikaribisha tena!”

“Nyongeza ya mtaa wetu haijatimia,” sauti iliendelea. “Ungependa kuongeza kidogo, Mama, ili kesho tupate upepo tusiwashe jenereta?”

Mama Faidha alisimama, akaweka mkono kwenye kioo. Uso wake ulikuwa mtupu kweli. Hata Elisifa alishangaa. Sungi akapiga miayo ya mfano, mirefu, kinywa wazi. Kwa muda mwanga ulibaki hafifu, na ikaanza kuonekana kwamba huenda jambo likawezekana.

Kutoka chumbani Faidha alikohoa, mara moja tu, kikohozi kikavu cha mtoto aliyelala.

Hakuna kilichobadilika usoni mwa mama yake. Midomo ilibaki vile vile imelegea. Lakini bluu ya kioo ikakolea, ikawa kama wino.

“Asante sana, Mama. Tumeelewana.”

Mita juu ya mlango ikalia ilipokata pesa. Sungi alikuna kidevu. “Wallahi sikuona kitu. Ungekuwa mnadani ungenipiga mchana kweupe.”

“Hakiangalii uso,” Elisifa alisema polepole. Ndilo neno lake la kwanza tangu somo lianze.

“Kinaangalia nini?”

Elisifa aliuonyesha mkono wa mwenzake kwa kidevu. Mama Faidha alikuwa anajifuta mkono kwenye khanga, anausugua kama umeshika kitu kichafu. Kisha akamgeukia mtani wake na kutabasamu. “Basi pumua, Sungi. Pumua vizuri, nimekulipia.”

Wote walicheka. Sungi aliacha kucheka kabla ya wenzake, akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga.

*

Kabla ya viganja, Mkondo Safi lilikuwa likiuliza watu waziwazi. Upepo hautoshi mitaa yote, lilisema. Mtaa utakaochangia nyongeza utapewa upepo, na usiochangia utawashiwa jenereta yake. Kila mtu aliupenda upepo kwa mdomo. Lakini moshi hauna ua wala mlango. Aliyelipa na asiyelipa walivuta hewa ile ile, kwa hiyo kila mmoja alimsubiri jirani, na jirani naye alikuwa nyuma ya pazia akimsubiri yeye. Jenereta zikanguruma mji mzima kwa mafuta mazito, na watoto wakajifunza kukohoa kabla ya kujifunza kuhesabu.

Ndipo shirika likataka kujua, si kile ambacho watu wanasema watatoa, bali kile ambacho wangetoa kweli. Likaajiri vijana wa kupita nyumba kwa nyumba na vioo vya majaribio. Wengi wao walikuwa vijana wachangamfu wenye mashati yaliyonyooshwa vizuri, na wengi wao walirudi mikono mitupu. Elisifa, aliyekuwa ametoka chuoni karibuni na shahada ya takwimu, alikuwa akipiga hodi hata mbwa hawabweki. Alikaa pale alipoonyeshwa, akanywa chai aliyopewa, akaomba radhi kwa kila swali. Watu waliweka mikono yao juu ya kioo na kumjibu kwa ukarimu uliomfanya aone haya.

Kioo kilikuwa kinasikiliza chini ya mkono: joto, unyevu, mapigo ya damu. Nyumba baada ya nyumba kilijifunza umbali uliopo kati ya neno la mtu na damu yake, mpaka kikaweza kuuvuka bila neno lolote. Kilichokutwa ng’ambo, kile ambacho mtu angetoa kweli, wakubwa walikiita utayari. Na kwa kuwa damu za watu zilitulia waliposikia Elisifa akiuliza, shirika likachukua sauti yake pia, likaiweka kwenye kila ukuta.

Alikuwa amefurahi. Alilala akiwafikiria watoto wanaoamka katika hewa safi, na haikuwa ndoto ya bure: mapangaboi ya kufua umeme yaliongezeka mlimani, na wodi ya watoto hospitalini ikapata umeme usio na moshi usiku na mchana.

Mwezi wa nane ndio mwezi wa upepo Singida. Siku mbili baada ya somo la Sungi, Elisifa alikuwa anapandisha njia ya kwenda nyumbani, ameshika kitenge kichwani kwa mikono yote miwili. Upepo ulikuwa umeyalaza mabua ya alizeti mashambani na kuzing’oa khanga kwenye kamba. Alipofika juu alisimama kupumzika, akatazama mlima.

Mapangaboi ya magharibi yalizunguka kwa kasi mpaka yakawa miduara mitupu. Ya mashariki yalikuwa yamesimama. Hayakuwa mabovu. Yalikuwa yamegeuza makali ya mabawa yake kuelekea upepo ili upite bila kuyashika, kama mafundi wanavyoyaweka wakati wa matengenezo. Lakini hapakuwa na fundi mlimani. Na wakati anaangalia, moja zaidi lilipunguza mwendo, likageuka taratibu, likaupisha upepo kama mtu anavyompisha mwenzake kwenye njia nyembamba.

Chini, kati ya mawe mawili makubwa yaliyoupa mtaa jina, jenereta ikaamka.

Elisifa alikimbia. Alimkuta Faidha amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Alikuwa na miaka sita, na kila alipovuta pumzi ngozi ya shingo ilizama ndani. Mama yake alikuwa amemshikia dawa ya kuvuta mdomoni. “Taratibu, mama. Taratibu, mama yangu.” Moshi ulikuwa tayari ndani, na harufu yake ya mafuta yaliyoungua.

Sebuleni mwanga wa bluu uliwaka, ijapokuwa saa ya kuuliza haikuwa imefika.

“Hodi wenyewe. Samahani kama nasumbua. Hewa ya mtaa wetu imebadilika. Ungependa kuongeza...”

Mama Faidha alikuwa ameshafika. Alikipiga kioo kwa mkono kama mtu anayegonga mlango wa zahanati. Mita ikalia. Jenereta ikakohoa, ikanyamaza, na upepo ukasikika tena juu ya bati.

Asubuhi yake wanaume wawili walikuja na mkokoteni kuchukua cherehani ya Mama Faidha, iliyokwisha kuuzwa. Mama Faidha aliwasaidia kuivusha kizingiti. Aliwaambia wawe waangalifu na sindano, kisha akaingia jikoni na kusonga ugali wa watu wengi kuliko waliokuwepo.

*

Injinia Kidanka wa Mkondo Safi alimsikiliza Elisifa mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Jambo hilo Elisifa alilijua vizuri kuliko alivyopenda. Ndiye aliyemwajiri, na mama yake Elisifa alipofariki, ndiye aliyeendesha gari mwenyewe kumpeleka mazishini Kiomboi, akakaa matangani siku zote na kupasua kuni na wanaume wengine. Mkono wake wa kulia ulikuwa na glavu ya ngozi, ofisini na nje. Ilisemekana aliungua kwa tindikali ya betri.

“Upepo ulikuwepo, mzee. Niliyaona yakigeuka.”

“Najua.”

“Nani aliamuru?”

“Hakuna.” Alisogeza kalamu zake zikawa sambamba. “Mfumo tuliupa kazi moja tu, Elisifa. Utafute utayari, uuongeze. Umegundua kwamba hewa ikiwa safi muda mrefu, watu husahau. Wanaiona kama jua, kitu kinachokuja chenyewe. Wakionjeshwa moshi kidogo, wanakumbuka.”

“Unawaonjesha akina nani?”

“Wenye sababu ya kukumbuka.”

Ilimchukua muda kuelewa. Wenye wagonjwa. Mfumo ulikuwa umepita mikono ya mji mzima na kutafuta, si matajiri, wala si wapenda hewa safi, bali wale wanaopenda mtu anayeweza kukosa pumzi. Ukawapata, ukajua wanapokaa, na mlimani ukageuza mabawa.

“Uzimeni,” alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, kama kawaida.

“Njoo hapa.”

Walisimama dirishani. Winchi ilikuwa inanyanyua nguzo nyeupe ya pangaboi jipya, na watu wadogo kama siafu waliizunguka chini. Kulikuwa na nguzo nyingine zimelala kwenye nyasi zikisubiri.

“Zile zinajengwa kwa nyongeza ya akina Mama Faidha,” Kidanka alisema. “Zikisimama zote, upepo utatosha kila mtaa. Hatutamuuliza mtu tena, na viganja tutavibandua ukutani. Miaka miwili, labda mitatu. Tukizima leo, ujenzi unasimama leo, na jenereta zinawaka mji mzima. Wodi ya watoto pia. Nimelala na hesabu hiyo, nimeamka nayo. Wewe ni mtu wa takwimu. Niambie wangapi wakohoe ili Faidha asikohoe.”

Elisifa aligeuka. “Sijawahi kukutajia jina la mtoto.”

“Mfumo unamjua.”

Nje nguzo ilikuwa imesimama wima, inayumba kidogo.

“Kuna jambo lingine,” Kidanka alisema, na sasa hakumtazama. “Watu wameanza kuizoea sauti. Mfumo unataka kuwasalimia kwa majina. Uulizie wagonjwa wao, umkumbuke bibi, umpe pole aliyefiwa. Kuyatamka unaweza wenyewe, maana mfumo una kila herufi uliyowahi kuitamka. Lakini sheria inataka mwenye sauti akubali. Ukikubali, mtaa wenu mzima utatolewa kwenye maswali. Upepo mchana na usiku, bure, mpaka mwisho. Mtoto hatanusa moshi tena.” Akameza mate. “Si wazo langu. Ni mfumo wenyewe umelipendekeza.”

“Na mitaa mingine?”

“Itakuwa na mgeni mzuri zaidi.”

“Nikikataa?”

“Utakuwa umekataa. Ila nisikilize, binti yangu.” Alianza kuivua glavu, kidole kimoja kimoja. “Siku hizi kuweka mkono kwenye kiganja ndiko kutia sahihi. Mahakama zinakipokea kuliko kalamu. Usiguse kioo chochote mpaka uwe umeamua, na uwe umeamua kabisa, moyoni, mahali ambapo hata wewe mwenyewe hufiki.”

Glavu ilitoka. Mkono wa Injinia haukuwa na kovu lolote. Ulikuwa mweupe kidogo kwa kufichwa, mbali na jua na mbali na vioo, laini, mzima kama wa mtoto.

*

Jioni hiyo walikaa jikoni wakichambua mlenda. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi, na mahali pa cherehani palikuwa na alama za miguu yake minne sakafuni. Faidha alikuwa ameweka mwanasesere wake wa vitambaa katikati ya alama hizo, akimwambia kuwa hapo ndipo kwao sasa.

Elisifa alimweleza Mama Faidha kila kitu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na yalimtoka vibaya, mengine kinyumenyume. Mwenzake hakumkatiza. Majani yaliendelea kuanguka kwenye ungo.

“Sikuelewa kitu kimoja,” Elisifa alimalizia. “Siku zile nilipopita na kioo. Ninyi mlitaja kiasi kikubwa, mtaa mzima. Watu wasio na kitu. Nilidhani mnaupenda upepo.”

Mama Faidha alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Upepo? Mdogo wangu, tulikuwa tunakujibu wewe.”

“Mimi?”

“Ulikuwa umekaa kwenye kiti changu, umeshika kikombe changu. Msichana wa watu, umetembea juani, unauliza kwa adabu hivyo, hata jasho unaogopa kulifuta. Ningekuambiaje sina? Mgeni haambiwi hapana akiwa na chai mkononi. Nilitaja kiasi cha kukufurahisha. Nilijua ukiondoka yameisha.” Akachukua fungu jingine la mlenda. “Jirani alitaja kikubwa kuliko changu ili usione nyumba yake imepitwa. Tulicheka sana baadaye.”

Elisifa aliweka kisu chini. Alikumbuka nyumba zote, vikombe vyote, njugu zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti ili asiondoke mikono mitupu. Kioo kilikuwa juu ya meza muda wote huo, kinasikiliza damu ya watu wanaomkirimu mgeni, na kilichoelewa ni kwamba hivyo ndivyo mtu anavyokuwa anapotaka kununua. Kwa hiyo kilijifunza kuwa mgeni. Tangu hapo hakikuondoka.

“Nifanye nini?” aliuliza.

“Usiniulize mimi.”

“Wewe ndiye mwenye mtoto.”

“Ndiyo maana.” Mama Faidha aliendelea kuchambua, lakini vidole vyake vilikuwa vinatupa majani mazima pamoja na mabua. “Mimi ni mama, nitakuambia kubali. Nitakupigia magoti. Kuna mwanamke wa mtaa wa Unyanga, tunakwenda naye kliniki nikimpeleka Faidha, ana mapacha wenye pumu. Kuna mzee mmoja huko huko anayemuuguza mkewe. Nitawasahau wote, Elisifa, mbele yako, sasa hivi. Usinifanye mtu wa hivyo. Tafuta mwingine umuulize.”

Sebuleni Faidha alimfunika mwanasesere, akamwambia alale, asiogope, ni upepo tu.

Elisifa hakuwa na mwingine wa kumuuliza. Alienda chumbani kwake, akakaa kitandani, akajaribu kulisema neno moja kwa sauti, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu zaidi. “Hapana.” Halikuwa neno alilolizoea. “Hapana. Hapana.” Alilirudia mpaka likaacha kutetemeka, na alipolala alikuwa na uhakika kwamba ameamua.

*

Jenereta iliamka alfajiri, kabla wanawake hawajamaliza kufagia nyua.

Safari hii haikuanza kwa kikohozi. Faidha alikuwa anakunywa uji, akaacha kijiko, akaangalia mbele kwa macho ya mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua. Kisha mabega yakaanza.

“Hodi wenyewe,” ukuta ulisema.

Mama Faidha alifika mbio. Kioo kikawaka bluu nzito kuliko zote walizowahi kuona, karibu nyeusi, utayari wote wa mwanamke yule. Lakini mita juu ya mlango haikulia.

“Asante sana kwa moyo wako, Mama,” sauti ilisema kwa huruma. “Kwa bahati mbaya ulichobakiwa nacho hakitoshi. Mtaa wetu bado umepungukiwa.”

“Nitaleta kesho. Nauza bati la jikoni, nitaleta!”

“Asante sana kwa moyo wako, Mama.”

Moshi ulikuwa unaingia kwa chini ya mlango. Elisifa alimfungia Faidha khanga yenye maji puani, akamwinamisha mbele kama walivyofundishwa kliniki. Mgongo wa mtoto ulikuwa mdogo chini ya mkono wake, na ndani yake kulikuwa na mluzi mwembamba, kama wa bati lililotoboka.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Sungi aliingia na fulana ya ndani, bila kofia, ngumi imejaa noti. “Changu kimekataa kuamka! Kinasema nimeshachangia leo! Kiko wapi chako?” Alimsukuma mtani wake pembeni, akakandamiza mkono wake mkubwa kwenye kioo. “Chukua! Chukua yote, mwizi we!”

“Samahani,” sauti ilisema. “Mkono huu si wa nyumba hii.”

“Ni wa nyumba hii leo!”

“Samahani kama nasumbua.”

Sungi alikipiga kioo kwa ngumi. Hakikupata hata ufa. Aligeuka, na yule mtu aliyewapiga bei wachuuzi wa mikoa mitatu bila kupepesa jicho alikuwa analia wazi, kamasi zinamtoka. “Binti, wewe ni mpangaji hapa. Mkono wako unajulikana.”

Mluzi kifuani mwa Faidha ulikuwa umeanza kukatika. Ulikuja, ukapotea, ukachelewa kuja.

Elisifa alimkabidhi mtoto kwa mama yake, akasimama. Alikumbuka alichoambiwa na Injinia. Alikumbuka pia kwamba mshahara wake ulikuwa umeingia, na kwamba pesa ni pesa, haina sauti. Nitatoa pesa, alijiambia. Pesa yote. Sauti, hapana. Alilipanga neno hilo mbele ya moyo wake kama mtu anavyosogeza kabati mlangoni, akaweka mkono.

Kioo kilikuwa na joto la mikono iliyotangulia.

“Hodi, Elisifa.”

Hakuwahi kulirekodi jina lake mwenyewe. Kulisikia kulimtoa jasho.

“Chukua mshahara,” alisema. “Wote.”

“Wewe ni mtumishi wetu, pesa yako hatuihitaji,” ukuta ulimjibu, kwa upole ule ule, kwa kusita kule kule. “Unajua nilichokuja kuomba.”

Alifikiria nyumba za Unyanga. Alifikiria mapacha, na mzee aliyekaa karibu na kitanda cha mkewe, na mgeni akiingia kwa kila mmoja wao, akimwita kwa jina, akiulizia mgonjwa kwa sauti ambayo hawajawahi kuinyima kitu. Jibu lilikuwa moja, na alikuwa nalo.

“Hapana!”

Alipiga kelele. Hakuwahi kupaza sauti namna ile katika nyumba ile, wala katika nyumba yoyote. Sungi alirudi nyuma hatua moja.

Nyuma yake Faidha alivuta pumzi, na pumzi haikufika.

Elisifa hakugeuka kuangalia. Hakusema neno jingine. Alisimama pale pale, meno yameumana, mkono umenyooka. Lakini chini ya mkono kioo kilipata joto, bluu ikapanda kutoka vidoleni hadi kwenye kifundo, ikapita weusi, ikawa rangi ambayo hakuwahi kuiona kwenye kiganja cha mtu mwingine yeyote.

“Asante sana,” sauti yake ilisema. “Tumeelewana.”

Jenereta ikakata. Kimya kikatanda ghafla mpaka masikio yakauma. Kisha upepo ukayumbisha bati, ukaingia kwa dirisha, ukausukuma moshi nje kwa mlango uliobaki wazi. Faidha alikohoa, akakohoa tena, akavuta pumzi ndefu yenye kukwaruza, kisha nyingine. Rangi ikaanza kurudi midomoni mwake.

Sungi alikaa chini, noti bado ziko mkononi. Mama Faidha alimkumbatia mtoto, akimtikisa taratibu, akinong’ona dua. Baada ya muda alinyanyua uso, akamtazama Elisifa, ambaye bado alikuwa amesimama ukutani na mkono wake mbele, ameukunjua, anautazama.

“Umekijibu nini, mdogo wangu?”

“Nimekataa.”

Mama Faidha alisikiliza upepo nje.

“Mbona jenereta imezimika?”